Mlango wa Hilux ya Zamani Ukigoma: Tafuta Kwanza Unakwama Wapi

Hilux za miaka ya 80 na 90 mwanzoni zina injini ambazo mafundi wetu wanazifungua wakiwa wamefumba macho. Kinachomchosha mwenye gari ni vitu vidogo: ufunguo unaogoma kuzunguka, kishikio kinachovutwa bila mlango kufunguka, mlango unaobamizwa mara tatu ndipo ushike. Ukimwita fundi wa haraka haraka, atapuliza mafuta kwenye tundu la ufunguo, atasema tayari, na hazitapita siku nyingi kabla mlango haujarudia yaleyale. Au atakushauri ununue loki mpya, nawe utajikuta na funguo tatu mfukoni, mmoja wa swichi na mmoja kwa kila mlango.

Tatizo ni kwamba kile tunachokiita loki ni vitu vinne, na kila kimoja kina namna yake ya kukwama. Kuna silinda, pale ufunguo unapoingia. Kuna vijiti vya chuma vinavyopita ndani ya mlango na kuunganisha silinda, kishikio cha nje, kishikio cha ndani na kile kidude cha kulokia kilichochomoza chini ya kioo. Kuna kitasa chenyewe, kilichofungwa kwa skrubu kwenye ukingo wa mlango, chenye kikucha kinachozunguka. Na kuna chuma cha kudakia kilichoko kwenye nguzo ya kebini, ambacho kikucha hukikamata mlango ukifungwa. Ukijua ni kipi kati ya hivyo kinachougua, kazi iliyobaki ni ya mchana mmoja.

Ninayoizungumzia hapa ni Hilux ya kebini moja yenye vioo vya kuzungusha kwa mkono. Datsun 1200 na pikapu ya Peugeot 504 zinafuata kanuni hiyohiyo, ila skrubu na klipu zimekaa kivyake. Mlango wa dereva kwangu ni wa kulia. Walioko Bukavu, Kigali au Bujumbura, wenye usukani wa kushoto, wageuze.

Hatua ya 1: Pima mlango ukiwa wazi

Usishike spana bado. Fungua mlango, chukua bisibisi bapa, isukume ndani ya kikucha kama vile mlango unavyofungwa. Utasikia mlio wa kwanza, kisha wa pili. Kikucha kina vituo viwili: cha kwanza kinauzuia mlango usifunguke wenyewe kama haukufungwa vizuri, cha pili ndicho cha kufunga kabisa. Kisipofika cha pili kwa kusukumwa taratibu, umeshapata jibu la kwa nini unabamiza.

Kikiwa kwenye kituo cha pili, vuta kishikio cha nje. Kikucha kikiruka na kurudi wazi kwa wepesi, kitasa na kishikio ni vizima, na ugonjwa uko nje yao, kwenye bawaba au kwenye chuma cha nguzoni. Kikigoma, jaribu kishikio cha ndani. Cha ndani kikifungua na cha nje kikishindwa, shaka iko kwenye kijiti cha kishikio cha nje. Vyote viwili vikishindwa, au vikifungua kwa kusuasua, kitasa kimejaa uchafu na kutu.

Kabla ya kufunga mlango hakikisha umekiachia kikucha. Ukibamiza mlango kikucha kikiwa kimefunga, chuma kitagonga chuma, na hapo utakuwa umejitengenezea kazi ambayo haikuwepo.

Sasa ufunguo, mlango ukiwa bado wazi. Ingiza, zungusha, huku jicho liko kwenye kidude cha chini ya kioo. Ufunguo usipoingia hadi mwisho au usipozunguka, angalia ufunguo wenyewe na silinda. Ukizunguka mwepesi lakini kidude kikatulia palepale, kijiti kimechomoka au kile kimkono cha nyuma ya silinda kimekatika. Kidude kikisogea nusu na kuganda, kijiti kimepinda au kitasa ni kizito.

Kuna malalamiko mengine ambayo si ubovu hata kidogo. Mtu anabonyeza kidude, anafunga mlango wa dereva, kidude kinaruka juu. Toyota nyingi za miaka hiyo zimeundwa hivyo makusudi, dereva asijifungie ufunguo ndani. Ukitaka kuloki bila ufunguo, bonyeza kidude, nyanyua kishikio cha nje, na uufunge mlango ukiwa bado umekinyanyua. Watu wamebadilishiwa vitasa vizima kwa jambo hili.

Hatua ya 2: Ufunguo kabla ya silinda

Ufunguo wa gari lenye zaidi ya miaka 30 mara nyingi ni nakala ya nakala. Mchonga funguo wa pembeni mwa stendi anafuata ulichompa; ukimpa ufunguo uliolika, anakupa mpya uliolika vilevile, na kosa dogo la mashine yake juu. Ushike ufunguo dhidi ya mwanga. Meno yake yanatakiwa yawe na miteremko inayoonekana. Yakiwa yamelainika na kuwa mawimbi, hapo ndipo pa kuanzia.

Jaribu ufunguo huohuo kwenye mlango wa abiria. Silinda ya upande ule hutumika mara chache sana, kwa hiyo haijalika. Ukizunguka vizuri kule na kugoma kwa dereva, silinda ya dereva ndiyo iliyochoka au kuchafuka. Ukigoma kote kuwili na kwenye swichi unatikiswatikiswa ndipo uwashe, mtuhumiwa ni ufunguo.

Kwenye baadhi ya silinda za Toyota za zamani, hasa ya mlango wa abiria, kuna namba iliyogongwa kwenye mwili wake. Ni namba ya ufunguo wa kiwandani. Mchonga funguo mwenye jedwali la namba hizo na mashine inayofaa anaweza kukuchongea meno kama yalivyokuwa gari lilipotoka Japani, bila kuiga ufunguo wako uliochoka. Namba isipokuwepo, bado silinda ya abiria ikifunguliwa inamwonyesha fundi kimo sahihi cha kila jino.

Hatua ya 3: Safisha silinda kabla ya kuitoa

Mafuta ya injini kwenye tundu la ufunguo ndiyo yanayoua silinda nyingi huku kwetu. Siku ya kwanza ufunguo unateleza raha mustarehe. Kisha vumbi la barabara linanata kwenye mafuta, linageuka uji mweusi, na springi ndogo za ndani zinashindwa kusukuma. Grisi ndiyo mbaya zaidi.

Ukiwa na dawa ya kupuliza kama WD-40, itumie kama sabuni tu. Inyunyize kwa mrija wake mwembamba hadi itiririke, ingiza ufunguo na kuutoa mara nyingi, ufute kwa kitambaa cheupe kila unapotoka. Rudia hadi kitambaa kiache kutoka cheusi. Acha ikauke, au omba upepo wa kompresa kwa fundi wa pancha. Baada ya hapo tia kilainishi kikavu: unga wa grafiti ukiupata kwa wauza vitasa, au dawa ya kupuliza inayokauka. Visipopatikana, sugua penseli laini, ile iliyoandikwa 2B au zaidi, pande zote mbili za ufunguo, uuingize na kuutoa, kisha usugue tena. Ni njia ya pole pole lakini haivuti vumbi.

Wanaoishi Tanga, Mombasa au Kilwa wana adui wa ziada, chumvi ya hewani. Silinda ya pwani ikikaa muda bila kuguswa, vibati vya ndani, vile vinavyosukumwa na meno ya ufunguo, hushikamana na nyumba yake. Ndiyo maana mlango wa abiria usiofunguliwa kwa ufunguo mwaka mzima huganda kabisa. Uzungushe mara moja moja, hata kama huna haja nao.

Usilazimishe ufunguo kwa koleo. Ukikatikia ndani, usijaribu kuutoa kwa gundi. Hakikisha silinda imerudi kwenye mkao ambao ufunguo huingia na kutoka, puliza dawa, kisha pitisha kipande chembamba cha bapa la msumeno mdogo wa mbao kando ya ufunguo, meno yakielekea nje, uvute kidogo kidogo.

Hatua ya 4: Toa kava la mlango

Pandisha kioo hadi juu kabisa. Fungua skrubu za mkono wa kuegemea, skrubu ya fremu ya kishikio cha ndani, na uzungushe kidude cha kulokia kukitoa.

Mkono wa kuzungushia kioo hauna skrubu inayoonekana, na hapo ndipo wengi huvunja plastiki. Nyuma yake kuna klipu ya springi yenye umbo la kiatu cha farasi. Chukua kitambaa chembamba, kipitishe kati ya mkono na kava, shika ncha zote mbili na uvute huku na huku kama mtu anayeng'arisha viatu. Nyuzi za kitambaa zitaidaka klipu na kuirusha. Funika kwa mkono mwingine, maana ikirukia kwenye nyasi ndiyo kwaheri.

Kava lenyewe limeshikwa na vipini vya plastiki pembeni. Penyeza bisibisi pana iliyozungushiwa kitambaa karibu kabisa na kila kipini. Ukichokonoa mbali nacho, ubao wa kava unapasuka na kipini kinabaki mlangoni. Nyuma yake utakuta nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi. Ibandue taratibu, usiitupe. Kazi yake ni kurudisha maji ya mvua ndani ya mlango yakatokee chini; bila hiyo, kava hulowana, huvimba, na vipini havishiki tena.

Hatua ya 5: Vijiti na klipu zake

Washa tochi, mtu mwingine avute kishikio cha nje. Tazama kijiti kinavyosukuma mkono wa kitasa. Kama kishikio kinasafiri nusu ya njia yake kabla ya kijiti kuanza kusogea, kuna ulegevu. Toyota nyingi zina kipande cha plastiki chenye uzi mwishoni mwa kijiti cha kishikio cha nje; kichomoe, kizungushe mizunguko michache, kirudishe. Acha uchezaji mdogo sana kabla ya kijiti kugusa. Ukikaza hadi ulegevu uishe kabisa, kitasa kitakuwa kimefunguliwa nusu muda wote, na mlango unaweza kuachia kwenye matuta.

Klipu za plastiki ndizo zinazokufa kwanza. Zimekauka kwa joto la miaka mingi, ukizigusa zinavunjika. Nunua chache mapema Gerezani kwa Dar es Salaam au Grogan kwa Nairobi, nenda na ile ya zamani mkononi kwa sababu unene wa vijiti hutofautiana. Kufunga kwa waya wa kufungia nondo ni kazi ya kukufikisha nyumbani tu: waya hula tundu, hupiga kelele, na ncha yake inaweza kukwaruza kioo kikishuka.

Kijiti kilichopinda kinyooshe kikiwa nje. Hapa hakuna zaidi.

Hatua ya 6: Kutoa silinda

Hufiki hapa isipokuwa usafishaji umeshindwa. Silinda inashikwa kwa ndani na bati lenye umbo la herufi U lililopenyezwa kati yake na ngozi ya mlango. Tenganisha kijiti, gonga bati kwa bisibisi na nyundo ndogo upande mmoja hadi litelezee nje, kisha sukuma silinda itoke kwa nje. Usipoteze raba yake, ndiyo inayozuia maji.

Tandika kitambaa cheupe ndani ya sinia. Toa pini au klipu ya kimkono cha nyuma, ingiza ufunguo na uuache ndani, halafu vuta kiini cha silinda, kile kinachozunguka na ufunguo, ukiwa umeushika ufunguo. Ukikitoa bila ufunguo, vibati vya shaba vinaruka pamoja na springi zake, ambazo ni ndogo kuliko punje ya mchele. Toa kibati kimoja kimoja na ukipange kwa mfuatano uleule; vina vimo tofauti, na ukichanganya, ufunguo wako hautafungua tena. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote.

Safisha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani. Rudisha vibati, ingiza ufunguo, uangalie: vyote vinatakiwa vilale sawasawa na mwili wa kiini. Kinachochomoza hata kidogo ndicho kinachozuia kuzunguka.

Wapo mafundi wanaokipiga tupa kibati kinachochomoza au kukiondoa kabisa. Nakubaliana nao kwa kibati kimoja. Wakitaka kupunguza vitatu, kataa, kwa sababu hapo hata ufunguo wa jirani utafungua. Bora uchonge ufunguo sahihi kwa kufuata vibati, au uhamishe silinda ya abiria ije kwa dereva kama maumbo yanaruhusu. Faida ya kung'ang'ania silinda ya asili ni kwamba ufunguo mmoja unaendelea kuwasha gari na kufungua milango yote.

Hatua ya 7: Kitasa chenyewe

Skrubu tatu za ukingoni mwa mlango ndizo zinazowatoa watu jasho. Ni skrubu za Kijapani, na bisibisi ya nyota ya kawaida haikai ndani yake hadi chini. Inapanda na kuula msalaba. Tumia bisibisi ya kupigwa kwa nyundo inayozunguka yenyewe, au angalau puliza dawa usiku wa kuamkia kazi, weka bisibisi inayojaa vizuri, uigonge kwa nyundo mara mbili tatu kisha uzungushe huku unasukuma kwa uzito wa mwili. Mara nyingi itabidi kwanza ulegeze bolti ya chini ya reli ya nyuma ya kioo ili kitasa kipate njia ya kutoka.

Loweka kitasa kwenye mafuta ya taa, si petroli. Sugua kila mahali panapozunguka, chezesha kikucha na mikono yake hadi mchanga wote utoke. Kausha kwa upepo. Tone la oili nyepesi kwenye kila ekseli, na grisi nyeupe kiasi cha ncha ya kidole kwenye uso wa kikucha. Kitasa, tofauti na silinda, kinataka grisi. Lakini kwa anayekimbia barabara za vumbi, kidogo ni bora kuliko nyingi. Springi ikiwa imekatika, tafuta kitasa kutoka gari lililochinjwa. Springi ya kubuni kutoka kwa kalamu haifai, mlango ni kitu cha usalama.

Kabla hujakirudisha, chokoa matundu ya chini ya mlango kwa waya. Majani na vumbi huziba hapo, maji husimama, na kutu hupanda hadi kwenye kitasa. Angalia pia raba ya nje inayolamba kioo. Ikiwa imepasuka, mvua yote inaingia ndani.

Hatua ya 8: Bawaba, kisha nguzo

Kama hatua ya kwanza ilionyesha kitasa ni kizima, njoo moja kwa moja hapa. Fungua mlango nusu, ushike mwisho wake, unyanyue. Ukipanda na kushuka kabla ya kebini kutikisika, pini za bawaba zimelika au bolti zimelegea. Madereva wanaoning'inia mlangoni wakichungulia nyuma wakati wa kurudi kinyumenyume ndio huwaletea mafundi kazi hii. Rekebisha bawaba kwanza, kwa kuweka jeki na ubao chini ya mlango na kukaza bolti mlango ukiwa kwenye kimo chake. Ukihamisha chuma cha nguzoni kufuata mlango ulioshuka, utahamisha tena mwakani.

Bawaba zikiwa sawa, chora mstari kwa kalamu kuzunguka chuma cha kudakia kabla ya kulegeza skrubu zake. Paka grisi nyembamba juu yake, funga mlango pole pole, ufungue, utazame kikucha kimegusa wapi. Alama ikiwa juu au chini ya katikati, sogeza chuma kufuata, milimita moja tu kila mara. Mlango ukifungwa ukabaki umechomoza kuliko bodi, chuma kiende ndani. Ukikazika hadi kishikio kiwe kizito, kitoke nje kidogo.

Jambo la mwisho la kupima kabla ya kulaumu chuma: shusha kioo cha upande wa pili na ufunge tena. Kebini moja ni ndogo, na hewa iliyokosa pa kutokea huusukuma mlango urudi. Raba mpya za mlango nazo hufanya hivyohivyo hadi zizoee.

Mlango ukigoma kufunguka kabisa

Wawili mnahitajika. Mmoja avute kishikio na kukishikilia, mwingine asukume mlango kwa ndani kwa kiganja, karibu na kitasa, akisukuma na kuachia. Mara nyingi kikucha kimebanwa na shinikizo la raba, na ukilipunguza kinaachia. Kisipoachia, toa kiti, ondoa kava mlango ukiwa umefungwa, na uusukume mkono wa kitasa moja kwa moja kwa bisibisi ndefu. Skrubu moja au mbili za kava zinaweza kujificha upande wa nguzo. Hizo zikate kichwa kwa tindo, ubao unashonwa baadaye.

Kazi ikiisha, jaribu kila kitu mara kadhaa kabla ya kurudisha nailoni: ufunguo, kidude, vishikio vyote viwili, kioo juu na chini, yote mlango ukiwa wazi. Kisha teremsha kioo hadi chini, ufunge mlango, na ujaribu tena. Kitu kikigoma, mkono wako bado unaweza kupita dirishani.